Jibu linasafiri, sharti linabaki: juu ya kitabu cha Benor na kazi ya makonsultanti kwetu



Kwa wengi wetu wenye tulitoka na lisansi ya agronomi, mulango wa kwanza wa kazi haukukuwa shamba wala darasa. Ulikuwa konsultanti. Shirika fulani linatafuta mutu wa kufanya uchunguzi, konsultanti anashinda soko, kisha yeye anatafuta vijana 8 ao 10 wenye wanajua lugha za kwetu na wenye miguu yao ingali na nguvu. Unapewa simu yenye maulizo ndani, kofia ya proje na perdiyemu ya siku 10. Miezi 2 nyuma raporo inatoka: kurasa 80, picha ya mama na jembe lake, na mapendekezo 14.

Leo naomba tuichambue kazi ile kama vile tunachambua kazi ingine yoyote yenye imeandikwa. Sitaki kuuliza kama makonsultanti ni watu wazuri ao wabaya. Swali langu ni hili: wakati konsultanti anatoka kwa shirika moja na kuingia kwa lingine, anabeba nini mu kompyuta yake, na anaacha nini nyuma? Kila ofa ya kazi inasema "tutarekebisha ujuzi wetu kulingana na mazingira ya kwenu". Kurekebisha kule ni nini kabisa?

Kwa kujibu sitaanza na raporo za kwetu. Nitaanza na kitabu kimoja kidogo cha 1977, chenye wengi wetu tumeishi mu kivuli chake bila kukifungua.

Kitabu chenyewe

Kinaitwa Agricultural Extension: The Training and Visit System. Wenye walikiandika ni Daniel Benor na James Q. Harrison, na Benki ya Dunia ndiyo ilikitoa. Benor alikuwa mutu wa Israeli. Alifanya kazi ya vulgarizasio kwao, kisha akakuwa konsultanti wa Benki. Mwishoni mwa miaka ya 1960 namna yake ilijaribiwa mu proje ya umwagiliaji ya Seyhan, kule Uturuki. Mu 1974 akaipeleka India, kwenye bonde la Chambal, mu majimbo ya Rajasthan na Madhya Pradesh. Nyuma ya pale haikusimama tena. Kati ya 1975 na 1998 Benki iliisukuma mu inchi zaidi ya 50. Mutu mumoja, namna moja, inchi zaidi ya 50: kama tunatafuta mufano wa ujuzi wenye konsultanti alihamisha, sijui kama tutapata mukubwa kuliko huu mu kazi yetu.

Mu masomo yetu ya vulgarizasio, T&V ilikuwa sura moja ya notes. Tuliikariri, tukaandika kwenye egzame, tukasahau. Mimi niliirudilia tu wakati nilianza kuzunguka vijiji na kuona kama proje nyingi zingali zinatembea na mifupa yake.

Soma kitabu na utaelewa juu ya nini kilienda mbali hivi. Kinaanza na ugonjwa wenye kila mutu wa kilimo anaujua: monitere mwenye anafanya kila kitu. Anahesabu mifugo, anagawa mbolea, anaandikia serikali karatasi, anatumwa na kila mukubwa mwenye anapita. Hakuna mwenye anajua leo ako wapi. Hana kitu kipya cha kuambia wakulima juu hakuna mwenye anamufundisha. Kisha dawa inakuja, na iko wazi sana. Monitere afanye kazi moja tu, ya kufundisha. Akuwe na mukubwa mumoja tu juu yake. Kila wiki 2 yeye mwenyewe apate mafunzo kutoka kwa wataalamu. Mu wiki zile 2 atembelee vikundi 8 vya wakulima, kila kikundi na siku yake yenye haibadilike. Mu kila kikundi aongee na wakulima wachache wenye wamechaguliwa, na wale wapashe wengine. Na ujumbe ukuwe muchache: vitu vyenye vinaleta faida musimu huu, bila feza nyingi.

Niseme kwa haki: hii ni kazi yenye ilifikiriwa. Monitere wa gurupema zetu leo angali na ugonjwa ule ule wa kurasa za kwanza. Na siku yenye haibadilike haiko jambo dogo. Mukulima mwenye anajua kama monitere anakuja Jumanne ya pili anaweza kupanga kazi yake, na anaweza pia kulaumu Jumanne ile ikipita bure. Kumuheshimu mukulima kunaanza pale. Mutu mwenye anachambua T&V bila kuona hilo, hajaisoma.

Miguu yenye haikupanda ndege

Sasa tuulize: mu Chambal, namna ile ilisimama juu ya miguu gani?

Mu bonde lile kulikuwa na mifereji ya maji. India ya wakati ule ilikuwa ndani ya mapinduzi ya kijani: utafiti ulikuwa umeshatoa mbegu mpya za ngano na mupunga zenye zinajibu vizuri kwa mbolea na maji. Kwa hiyo monitere alikuwa na kitu cha kusema, na kitu kile kilikuwa karibu sawa kwa shamba na shamba lingine, juu maji ya mufereji yanafananisha mashamba. Mbolea ilipatikana. Na serikali ilikuwa na uwezo wa kuweka watu maelfu kwenye mishahara. Ondoa mguu mumoja, namna inachechemea. Ondoa 3, inaanguka.

Mukulima wa Kivu mwenye hana mufereji anategemea mvua. Kwenye mulima mumoja, shamba la juu na shamba la chini hayana udongo mumoja. Ndani ya ari chache amechanganya maharage, muhogo, mahindi, viazi na ndizi. Ujumbe "muchache na sawa kwa wote", wenye ulikuwa nguvu ya T&V mu Chambal, kwetu unakuwa uzaifu wake. Namna ni ile ile, ni ardhi ndiyo imebadilika.

Angalia yenye ilifika Kenya, juu pale kuna hesabu yenye imeandikwa. T&V iliingia mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ikaendelea kupewa feza za Benki mpaka 1998. Mu 1993 Vishwa Bindlish na Robert Evenson walitoa uchunguzi wenye ulionyesha faida kubwa sana, na Benki ikafurahi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Madhur Gautam na Jock Anderson wakachukua takwimu zile zile, wakasahihisha makosa, na wakatia mu hesabu tofauti kati ya maeneo. Faida ile haikuonekana tena. Yenye ilionekana kama matunda ya T&V ilikuwa zaidi tofauti ya mahali na mahali: maeneo mengine yalikuwa na ardhi na soko nzuri kuliko mengine, monitere akuje ao asikuje.

Hapo nilisimama kusoma nikafikiri. Konsultanti alikuwa amesahau mahali wakati wa kuleta namna, na mukaguzi wa kwanza akasahau mahali wakati wa kuipima. Sahau moja inafunika ingine. Kama Gautam na Anderson hawakurudilia zile hesabu, Kenya ingekuwa ushuhuda muzuri wa kupeleka inchi ingine.

Mu 2006 Jock Anderson tena, na Gershon Feder na Sushma Ganguly, wakaandika hadisi yote ya kupanda na kuanguka kwa T&V. Sababu kubwa yenye walitoa haiko ya kilimo hata kidogo. Ni feza. Mishahara, mafuta, pikipiki, mafunzo ya kila wiki 2: serikali hazikuweza kubeba mizigo ile na bajeti zao wenyewe. Deni la Benki likiisha, ratiba inaisha. Mu majibu yote yenye yalipelekwa mu inchi zile zaidi ya 50, sharti la kwanza kabisa, "nani atalipa mwaka wa 6?", ndilo lilikosa kupanda ndege.

Juu ya nini sharti linabaki nyuma

Wengine watasema: ile ilikuwa Benki ya Dunia, miaka ya zamani, leo tumejifunza. Sikubali. Yenye ilifanya sharti likabaki haikukuwa ujinga wa mutu mumoja. Iko ndani ya namna ile kazi inajengwa, na nitaonyesha kwa mufano wenye hauko wa kilimo.

Mu 1999, Harvard Business Review ilitoa makala ya Morten Hansen, Nitin Nohria na Thomas Tierney juu ya namna makampuni ya ushauri yanatunza ujuzi. Walionyesha njia 2. Njia moja ni ya makampuni kama McKinsey na Bain: ujuzi unakaa kwa mutu, na mwenye ana shida anamutafuta mwenzake wanaongea. Njia ya pili ni ya makampuni kama Ernst & Young: ujuzi unaandikwa, unawekwa mu gala moja kubwa la kompyuta, na kila mutu wa kampuni anaweza kuuchukua na kuutumia tena kwa muteja mwingine. Mbele ya kuweka karatasi mu gala, watu wa kituo wanaondoa kila kitu chenye kinaweza kutoa siri ya muteja. Chenye kinabaki ni vipande vya kutumia tena: maulizo ya kuuliza watu, ratiba ya kazi, hesabu za kulinganisha.

Wenye waliandika makala wanasifu kila njia kwa mahali pake, na kwa biashara wako na haki. Njia ya pili inaokoa wakati mwingi sana. Lakini mimi niliisoma kama agronome. Kuondoa siri ya muteja ni jambo la heshima, hakuna mwenye anataka konsultanti mwenye anazungusha mambo ya nyumba moja mu nyumba ingine. Shida ni kwamba, mu kilimo, siri na sharti vinakaa mu chumba kimoja. Ukifuta jina la shirika, kijiji na mwaka, umefuta pia urefu wa mulima, mvua ya ule mwaka, bei ya mbolea, na ukubwa wa mashamba. Inabaki sentensi kama hii: "Mu jimbo moja la Afrika, kulima kwa mistari kuliongeza mavuno." Ni kama pakiti ya mbegu bila karatasi juu yake: hakuna jina la aina, hakuna urefu wa mulima, hakuna tarehe. Sisi wote tulifundishwa tusinunue mbegu ya namna ile. Lakini raporo ya namna ile tunainunua.

Kuna sababu ya pili: kushindwa hakusafiri. Shirika lenye proje yake ilianguka halitaki konsultanti apeleke habari ile kwa jirani, zaidi kama jirani anakula kwa mufadhili mumoja naye. Konsultanti pia hataki kunuka kushindwa wakati anatafuta soko lingine. Kwa hiyo mu sivi yake muna ushindi tu. Na sisi tunajua kama sharti la kitu linaonekana vizuri zaidi pale kimeshindwa. Viazi vikioza kwenye mabonde yenye maji, ndipo unajua kama jibu lako lilihitaji mulima wenye unapitisha maji. Ukificha viazi vyenye vilioza, umeficha sharti.

Sababu ya tatu ni TDR zenyewe. Soma TDR 5 zenye ziko karibu yako. Zinaomba "mapendekezo ya wazi na yenye yanaweza kutekelezwa". Mimi sijaona hata moja yenye inaomba masharti: kwa hali gani pendekezo hili halitafanya kazi? Konsultanti anatoa kile chenye analipiwa. Na mwenye analipa ni shirika, haiko mukulima. Basi "kurekebisha" kunaelekea kwa yule mwenye analipa: logo mpya, maneno yenye mufadhili anapenda mwaka ule, ukubwa wa bajeti yenye iko. Shamba linabaki mwisho wa mustari, kama muda ungaliko.

Raporo moja mu mikono yangu

Miaka michache yenye imepita nilikuwa anketere mu timu moja. Sitataja shirika wala konsultanti, juu shida haiko yao peke yao. Raporo ilitoka, nikaomba kopi, nikaisoma yote.

Kalendari ya kilimo ilikuwa na musimu mumoja wa mvua. Kwetu mu Kivu kuna musimu A wenye unaanza Septemba, musimu B wenye unaanza Februari, na wakati wa jua watu wanalima mabonde yenye maji. Mu sura ya njaa, chakula cha kwanza kilikuwa mutama, mu gurupema yenye watu wanakula muhogo na maharage, na mutama ni wa pombe kwa wazee. Na kwenye ukurasa mumoja wa katikati, jina la shirika lingine lilikuwa lingali limelala pale, halikubadilishwa.

Wenzangu walicheka sana jina lile. Mimi pia. Lakini nyuma niliona kama jina lile lilikuwa musaada. Lilituonyesha wazi kama raporo ilitoka kwingine. Fikiri sasa raporo yenye majina yote yamebadilishwa vizuri, mutama umekuwa muhogo, misimu imekuwa 2, lakini mapendekezo ni yale yale yenye yalifikiriwa kwa inchi ya mutama na musimu mumoja. Ile hakuna mwenye ataicheka. Ile itapita kwenye atelie, itapigiwa makofi, na itakuwa proje. Kosa la kopi linaonekana. Kurekebisha kwa juujuu hakuonekane, na ndiko kunatufikia kwenye shamba.

Ndizi: ujuzi wenye ulisafiri na ukakubali kubadilika

Sitaki mutu afikiri kama nasema ujuzi wa nje ubaki inje. Kuna mufano wa kwetu kabisa wenye unaonyesha njia ingine: ugonjwa wa kunyauka kwa migomba, BXW, wenye majirani wa Kinyarwanda wanaita kirabiranya.

Ugonjwa ule uliandikwa mara ya kwanza Ethiopia mu 1968, kwenye enset, mumea wenye ni ndugu wa mugomba. Mu 2001 ukaonekana Uganda na, kwetu, Masisi. Uganda ikawa mbele mu kupigana nao, na namna yake ikakuja kwetu: kata ua la dume na kijiti chenye matawi mawili, haiko na panga, safisha panga kwa Jik ao kwa moto, na ukiona shina moja limegonjwa, ng'oa shina lote na watoto wake wote, zika.

Ile ya mwisho ndiyo iliumiza. Kung'oa shina lote la mugomba na mizizi yake ni kazi ya siku nzima kwa mutu mwenye nguvu, na mama mujane mwenye migomba 60 hawezi. Tena, nyuma ya kung'oa inabidi kungojea miezi mbele ya kupanda tena ndizi pale, na yeye hana shamba lingine. Wakulima wengi hawakufanya. Raporo zikaandika neno lenye tunalijua: "wakulima wanakataa mabadiliko".

Lakini watafiti wa mu eneo letu, Uganda na hapa Kongo, walichukua kukataa kule kama habari. Waliangalia kwa makini na kuona kama bakteria haifikie kila mara watoto wote wa shina. Shina moja linaweza kufa na watoto wengine wakabaki wazima na wakazaa. Kutoka pale namna mpya ikazaliwa: kata shina lenye limegonjwa peke yake, karibu na udongo, mara tu unaona alama, rudia kila wakati shambani, na panga lipite mu moto. Kazi yake ni ndogo zaidi, na mama mujane anaweza. Namna ile ilijaribiwa mu mashamba ya Kivu mu miaka ya 2010.

Kuna jambo la pili. Ua la dume linakatwa juu ya wadudu wenye wanabeba bakteria kutoka ua kwa ua. Lakini kwenye milima mirefu ugonjwa hauingie sana kwa njia ya wadudu. Unapita zaidi kwa panga na kwa mbegu yenye imegonjwa. Kwa hiyo kwenye mabonde ya joto ujumbe wa kwanza ni ua, na kule juu ujumbe wa kwanza ni panga. Ujuzi ni mumoja, bakteria ni moja, lakini mustari wa kwanza wa karatasi unabadilika kufuatana na mulima. Kule kwangu ndiko kurekebisha kwa kweli. Kunahitaji mutu ajue juu ya nini kila pendekezo liliwekwa, ndio ajue lipi linaweza kuondoka na lipi haliwezi. Mwenye alipokea orodha tu bila sababu, hawezi kurekebisha kitu. Atakopia yote ao ataacha yote.

Na hapo najibu wenye watasema "kama kila mahali ni tofauti, basi hakuna kitu tunaweza kujifunza kwa wengine". Haiko hivyo. Namna bakteria inaishi inasafiri bila shida. Kanuni ya monitere kuwa na siku yenye haibadilike inasafiri. Chenye hakisafiri bila karatasi yake ni ratiba, kiasi, gharama, na ujumbe wa kwanza.

Na sisi wenyewe?

Itakuwa rahisi kumaliza hapa kwa kulaumu wageni. Lakini makonsultanti wengi wa leo ni wa kwetu, walimu wetu na wakubwa wetu wa masomo, na wengine kati yetu tumeshaanza njia ile. Jambo haliko na pasipoti. Mutu anaweza kutoa pendekezo Masisi, mwenye inapanda zaidi ya mita 2000, na kulishusha mu bonde la Ruzizi kwenye joto, mu jimbo la jirani, bila kubadilisha kitu. Ni safari ndogo kuliko ya Chambal mpaka Kenya, lakini kwa muhindi na kwa udongo ni dunia ingine.

Tena, kurekebisha kwa kweli kunafanywa tayari kwetu, ni vile tu hakuandikwe. Kunafanywa na monitere mwenye anaona kama tarehe ya karatasi haipatane na mvua na anawaambia watu wangojee wiki moja. Kunafanywa na mukulima mwenye anapanda nusu kwa mistari na nusu kwa namna ya mama yake, alinganishe. Kunafanywa na anketere mwenye anasikia kitu chenye hakiko mu maulizo ya simu, anakiandika nyuma ya kaye yake. Ile kaye inabaki nyumbani. Konsultanti anabeba simu.

Mimi naona kazi yetu kama wasomi iko pale. Sisemi tukatae zile kazi za siku 10, juu najua nyumba inakula nini. Nasema tukiwa ndani, tuombe na tuandike vitu vinne. Kwanza, pendekezo hili lilitoka wapi, na pale mvua, mulima na ukubwa wa shamba vilikuwa namna gani. Pili, juu ya nini kila sehemu yake iliwekwa. Tatu, wapi ilishindwa, hata bila kutaja jina la shirika, juu unaweza kuficha jina la muteja bila kuficha urefu wa mulima. Nne, nani atalipa wakati proje imefunga. Vinaingia mu ukurasa mumoja. Konsultanti mwenye ana siku 20 tu anaweza kuujaza jioni moja, kama anayajua majibu. Kama hayajui, basi ni muzuri shirika lijue hivyo mbele ya kununua.

Na wale kati yetu wenye wako sasa kwenye ofisi za mashirika, wenye wanaandika TDR: ongezeni mustari mumoja tu. "Konsultanti ataonyesha kwa kila pendekezo hali zenye halitafanya kazi." Mustari ule hauombe feza ya ziada. Unaomba ukweli wenye mara nyingi mutu anao tayari, lakini hakuna mwenye alimuuliza.

Mukulima wa kwetu ana misimu 2 kwa mwaka. Pendekezo lenye lilikuja bila sharti lake linamula mumoja kati ya ile miwili, na raporo ya mwaka wenye unafuata itaandika kama alikataa mabadiliko. Wenye wanazo kaye za zamani za anketi nyumbani, naomba wazifungue. Mule ndani muna masharti mengi yenye hayajawahi kuingia mu raporo yoyote, na tukiyakusanya tutakuwa na kitu cha kuwaonyesha makonsultanti wenye wanakuja, mbele wafungue kompyuta yao.